Kisanduku cha Alhamisi

Wauguzi walimwita Penseli, naye hakuwahi kuwakataza. Penseli yenyewe ilikaa kwenye nywele zake, juu ya sikio la kulia, na ilikuwa imekaa hapo kwa miaka ishirini na sita, ukiondoa siku za likizo, na hata hizo si zote. Kazi yake ilikuwa kupanga zamu za hospitali. Wodi sita, wauguzi themanini na kitu, na kila mmoja na sababu zake nzito za kutotaka Jumapili. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kati ya stoo ya mashuka na choo cha wafanyakazi, kwa hiyo hakuna mtu aliyeweza kusema hakupita mlangoni kwake.

Kompyuta walimletea. Ilipanga zamu kwa mwezi mmoja, ikampa muuguzi mmoja wodi mbili kwa saa ile ile, na tangu hapo ikawa inaegemezewa mafaili. Penseli akarudi kwenye karatasi zake kubwa za visanduku, akachonga, akafuta, akapuliza mabaki ya kifutio, akaandika upya. Watu walidhani ile ni kazi ya kuandika majina. Ilikuwa kazi ya kusoma mawazo. Aliyetaka Ijumaa aliomba Ijumaa na Jumamosi, akijua atanyimwa moja. Aliyetaka kumkwepa mwenzake wa wodi ya wazazi aliomba kupangwa naye, kwa sababu alijua kila anachoomba hunyimwa. Penseli alizijua njama zote hizo, akazipangia njama zake, na jioni alipofunga mlango kichwa kilimwanga kama cha mtu aliyeshinda juani.

Mbinu yake kubwa iliitwa kisanduku kitupu. Kukiwa na zamu ambayo hakuna anayeitaka, hakumpa mtu. Alibandika ratiba ukutani na kisanduku kile akakiacha wazi, halafu akakaa kimya. Siku ya kwanza wauguzi walijitia hawakioni. Siku ya pili walitazamana. Siku ya tatu mmoja alikuja akinung'unika, akasema haya, andika mimi, lakini ujue nimekusaidia wewe. Penseli alichomoa penseli nywelani na kuandika bila kucheka. Haikuwahi kushindwa hata mara moja, na ndiyo iliyokuja kumponza.

Akili hiyo hakuiokota njiani. Mama yake alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mjane mwenye watoto watatu na mshahara mmoja, na nyumbani kwao kila kitu kilichokuwa kimoja kiligombewa kwa fumbo. Mkate ukibaki kipande kimoja, Mama alikata vikaratasi vitatu. Kila mtoto aliandika namba kwa siri, kuanzia moja kwenda juu. Mwenye namba ndogo kuliko zote, ambayo hakuna mwingine aliyeiandika, alichukua kipande. Wawili wakiandika moja na wa tatu mbili, mkate ni wa mwenye mbili. Na wote watatu wakigongana kwenye namba ile ile, mkate unakuwa wa Mama. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba, na haikuwa na rufaa.

"Usiniambie wewe unafikiri nini," Mama alizoea kusema, huku anakunja mikono ya gauni. "Niambie mwenzako anafikiri nini kuhusu unachofikiri wewe."

Basi watoto wakawa wanafikiri. Namba moja iko wazi mno, kila mtu ataiogopa, na kama kila mtu anaiogopa, iko huru, naiandika. Watatu wale waliotoka tumbo moja na kufundishwa na mtu mmoja walifika mahali pamoja kwa njia moja. Vikaratasi vilipofunuliwa ilikuwa moja, moja, moja. Mama alicheka hadi akajifuta machozi, kisha akala mkate polepole huku wanamtazama. Alikula vipande vingi vya mwisho mwanamke yule, na labda bila mchezo ule asingekula hata kimoja.

Sasa walikuwa watu wazima. Kaka yao mkubwa alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa maneno mengi na breki za ghafla. Mdogo wao, ambaye mpaka na mvi zake waliendelea kumwita Kitinda, alikuwa fundi cherehani. Penseli alikuwa wa kati. Na Mama alikuwa amepigwa kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kabisa, mguu wa kulia ulifuata kwa kuburutwa, akili ilikuwa nzima kama zamani, na hilo la mwisho lilikuwa zuri na gumu kwa pamoja.

Usiku alilala naye mpangaji wao, mhudumu wa maktaba, aliyepewa chumba kwa sharti hilo. Asubuhi mpangaji alimvika, akamkalisha kwenye kiti cha sebuleni, akaenda kazini saa kumi na mbili na nusu. Kuanzia saa moja mpaka jioni ilikuwa zamu ya watoto. Penseli alichora visanduku saba, akabandika karatasi kwenye mlango wa friji. Kaka, Jumatano na Jumamosi. Kitinda, Ijumaa na Jumapili. Yeye mwenyewe, Jumatatu na Jumanne. Siku saba, watu watatu, mbili mbili. Ukigawanya hivyo inabaki moja, na iliyobaki ilikuwa Alhamisi.

Alhamisi aliichukua yeye. Hakuna aliyemwomba. Wiki ya kwanza alisema ni ya wiki hii tu, na hospitali ikamruhusu kufanya kazi siku nne zilizosalia, wikiendi zikiwemo. Siku tatu kwa Mama, siku nne kazini. Hesabu hiyo inafika saba, na hata mtoto wa darasa la kwanza angeona kwamba siku ya kulala haipo.

Miezi kumi na minne ilipita hivyo. Alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote kwa sababu kuchemsha nyingine ilikuwa kazi. Alilala amesimama, mkono mmoja kwenye mwiko. Siku moja alikuwa anasuuza mashuka ya Mama, akagundua analia, na hakuwa na huzuni yoyote anayoikumbuka. Alikuwa amechoka tu. Alichoka mifupa, alichoka ulimi, alichoka hata kuulizwa kama amechoka. Tena alimpenda mama yake, jambo ambalo halikupunguza uzito wa mashuka hata chembe.

Kaka alipokuja Jumatano alikuta kila kitu kimepangwa. Kitinda alipokuja Ijumaa alikuta chakula kwenye friji. "Dada ana mpango wake," walisema, kwa heshima kabisa, wakarudi kwenye shughuli zao. Angeweza kuwaambia moja kwa moja: nimechoka, nisaidieni. Watu wasio na akili nyingi ndivyo wanavyofanya. Lakini katika ukoo ule kuomba ilikuwa sawa na kufunua kikaratasi chako kabla ya wengine.

Basi akapiga hesabu. Nikikaa nyumbani Alhamisi, watajua nipo, watanitegemea. Lazima wajue siwezi kuja. Akaenda kwa metroni, mkuu wa wauguzi, akaomba apangiwe Alhamisi kazini. Angalia jambo hilo: mwanamke alitaka siku ya kupumzika, na ili aipate akaenda kuongeza siku ya kazi. Siku ya Jumapili alibandika karatasi mpya kwenye friji, kisanduku cha Alhamisi kitupu, akatuma ujumbe kwa wote wawili: "Alhamisi nipo kazini. Sitoki." Hakusema nani aje. Alijua kwamba anayesema nani aje ameshindwa.

Hakuna aliyejibu. Jumatatu kimya. Jumanne, akiwa kwa Mama, alikitazama kile kisanduku kila alipofungua friji kuchukua maziwa. Mama, kwenye kiti chake, alikuwa akimtazama yeye.

"Hujaandika Alhamisi," Mama alisema. Maneno yalimtoka upande mmoja wa mdomo, lakini yalitoka.

"Itaandikwa, Mama."

"Na nani?"

"Wapo watu."

"Haya," Mama akasema, akageuza uso kwenye dirisha.

Jumatano ilikuwa ya Kaka, ikapita. Alhamisi asubuhi Penseli aliingia chumbani kwake hospitalini, akazima simu, akaitia kwenye droo chini ya bahasha. Ilibidi. Simu iliyo wazi ingemsaliti, angepigiwa, angelegea. Alikuwa na hakika kwamba saa hiyo mmoja wao amekwisha fungua mlango wa Mama, akinung'unika. Akachonga penseli yake vizuri na kuanza wodi ya watoto, na kwa mara ya kwanza tangu kiharusi akasikia mabega yakishuka kidogo.

Saa nne alikunywa chai. Mtu wa mapokezi alikuwa na kawaida ya kumletea ukurasa wa chemshabongo wa gazeti, kwa kuwa yeye mwenyewe mafumbo yalimpa kichefuchefu. La siku hiyo lilihusu walinzi. Lango moja, walinzi watatu, kila mmoja kwenye kibanda chake, hawaonani. Mmoja akikesha, lango liko salama na wengine wanaweza kulala. Kila mlinzi anataka lango liwe salama, na kila mmoja anapenda asiwe yeye anayekesha. Swali: mwenye lango akiongeza mlinzi wa nne, lango litakuwa salama zaidi au litazidi kuwa hatarini?

Kichekesho, alisema moyoni. Mlinzi mmoja peke yake hukesha, kwa sababu anajua hana mwingine. Wakiwa wawili, kila mmoja anaanza kumhesabu mwenzake. Wakiwa watatu, kila mmoja anahesabu wawili, na usingizi unakuwa mtamu zaidi. Ongeza wa nne, unaongeza kisingizio. Lango litazidi kuwa hatarini. Aliandika jibu pembeni kwa herufi safi, akapigia mstari. Halafu, kwa mazoea ya kazi, akajiuliza mbona wodini kisanduku kitupu hakibaki kitupu. Jibu lilikuja na funda la chai kabla hajalimeza. Wodini yuko metroni. Kila muuguzi anajua kwamba ikifika siku ya tatu metroni atateua kwa nguvu, na anayeteuliwa na metroni hupewa na Jumapili juu yake. Wanajitokeza kwa kuogopa baya zaidi. Na nyumbani kwao metroni alikuwa nani?

Alivuta droo kwa nguvu hadi bahasha zikamwagika. Simu ilichukua muda wake wote kuwaka, kama inayomkomoa. Akampigia Kaka.

"Dada! Subiri, niko na mwanafunzi. Kushoto! Kushoto nimesema! Ehe, vipi Mama?"

"Nakuuliza wewe."

"Mimi? Si uko huko wewe?"

"Nilikwambia niko kazini."

"Ulisema, ndiyo. Lakini najua wewe huwezi kumwacha. Nikasema ni maneno tu, atakwenda."

Akampigia Kitinda. Cherehani ilisikika, kisha ikanyamaza.

"Nilidhani Kaka," Kitinda alisema. "Nikasema, Dada amekataa, Kaka ndiye mkubwa, hawezi kuniachia mimi wa mwisho. Wala sikutaka kuwaingilia."

Akaipigia simu ya Mama. Iliita mpaka ikakata yenyewe. Alitoka na penseli nywelani na kikombe mkononi. Kikombe alikiacha kwa mtu wa mapokezi, akapanda pikipiki ya kwanza aliyoiona.

Mama alikuwa jikoni, chini, mgongo ameuegemeza kwenye kabati, miguu imenyooka mbele yake. Mkongojo ulikuwa umelala mbali. Sakafu ilikuwa na maji, na si yote yaliyotoka kwenye gilasi. Gauni lilikuwa limelowa. Uso ulikuwa mtulivu, midomo imekauka.

"Mama! Umeanguka?"

"Sikuanguka. Nimekaa. Kunyanyuka ndiko kumenishinda."

"Tangu saa ngapi?"

"Nilitaka maji kama saa mbili na nusu hivi."

Ilikuwa inakaribia saa tano. Penseli alipiga magoti kwenye yale maji, akampapasa mikono, nyonga, kichwa. Hakuna kilichovunjika. Akamnywesha maji. Akamshika kwapani ili amnyanyue, akajaribu mara ya kwanza, ya pili, na mara ya tatu mikono yake ikakataa katakata. Miezi kumi na minne iliyokuwa kwenye mikono ile ikamwambia hapana. Akaketi chini kando ya mama yake, kwenye maji, wakawa wawili wameegemea kabati.

"Kwa nini hukunipigia, Mama?"

"Nilikupigia kabla ya kuja huku. Ilikuwa imezimwa. Nikasema, basi, leo ana yake." Alipumzika kidogo. "Simu nikaiacha mezani."

"Na wale wawili? Mbona hukuwapigia?"

"Niwaambie nini? Zamu si yao." Mama alinyanyua kidevu kuelekea friji. "Mwenyewe ameandikwa."

Penseli alitazama juu. Kutoka pale chini karatasi ilionekana vizuri. Kaka, Kitinda, jina lake mwenyewe, yote kwa penseli, kwa mwandiko wake. Na kwenye kisanduku cha Alhamisi, kwa kalamu ya wino, herufi kubwa zilizolala huku na huku kama za mtoto anayejifunza, zikivuka mistari: MAMA. Mwandiko wa mkono wa kushoto, wa mwalimu aliyekuwa akiwachapa watu kwa kuvuka mistari.

"Umeandika lini?"

"Jana jioni, kaka yako alipoondoka. Niliwangoja mpaka jana. Nikajua tu." Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na Penseli angetoa chochote iwepo. "Nyie watatu mmeandika namba moja. Kikikosa mwenyewe si ni cha Mama?"

Penseli alikuwa na majibu ya mafumbo yote ya gazeti la miaka kumi iliyopita. Akaegemeza kichwa kwenye bega la mama yake, lile bega zima, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyechoka na aliyeona aibu kwa wakati mmoja.

Kaka alifika na gari la mafunzo, mwanafunzi wake bado ameshika usukani, amekakamaa kwa hofu. Kitinda alifika na futi ya kupimia ikiwa shingoni. Walimnyanyua Mama watatu kwa pamoja, na kwa watu watatu ilikuwa kazi nyepesi kabisa, jambo ambalo kila mmoja aliliona na hakuna aliyelisema. Wakambadilisha nguo, wakamkalisha sebuleni, wakampa uji. Kitinda akapiga deki. Walipoiona ile karatasi, wote wawili walisimama mbele ya friji muda mrefu kama watu wanaotafuta majina yao kwenye matokeo ya mtihani.

Kaka ndiye aliyeanza. "Lakini mimi, kusema kweli, nilipiga hesabu kwamba Dada..."

"Usinieleze," Mama alimkata. "Hesabu zenu zote ni sahihi. Nilizifundisha mimi."

Kaka akakaa.

Penseli alibandua karatasi, akajaribu kufuta lile neno kwa kifutio. Wino haukufutika, karatasi ilianza kutoboka tu. Akaikunja, akaitia mfukoni, akachukua karatasi mpya na kuchora visanduku saba mezani, mbele ya wote. Jumatatu, yeye. Jumanne, yeye. Jumatano, Kaka. Aliruka moja akaandika zilizobaki, Kitinda, Kaka, Kitinda, kisha akarudi kwenye Alhamisi, na hapo mkono ukasita.

Hakukusudia. Ulikuwa mkono wa miaka ishirini na sita. Macho yake yakapanda yenyewe kumtafuta Kaka, na Kaka alikuwa anamtazama yeye, na Kitinda alikuwa anawatazama wote wawili. Hata sasa, na sakafu ya jikoni haijakauka, kila mmoja alikuwa anangoja kusoma uso wa mwenzake.

Kijiko kikalia kwenye bakuli. Mama alikuwa amekiweka chini na kunyoosha mkono wa kushoto juu ya meza, kiganja wazi.

"Leteni kalamu," alisema.

Kalamu ya wino ilikuwa mwisho wa meza. Penseli aliiwahi yeye. Akaandika jina lake kwenye Alhamisi, kwa wino, akabonyeza hadi meza ikasikika, bila kumtazama mtu. Alikuwa amechoka, na wiki ijayo angekuwa amechoka zaidi. Kisha akasema lile neno ambalo katika nyumba ile halikuwahi kusemwa na mtu mwenye akili zake.

"Siwezi peke yangu," alisema. "Mnisaidie."

Akaisukuma karatasi, na kalamu juu yake, mpaka katikati ya meza.